Dhambi za Wafu Wetu Arobaini na Mmoja

Lusangi, tarehe 9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Élysée,

Pokea salamu zangu mbele ya yote, wewe na mke wako Chadia na yule mtoto wenu ambaye mimi namjua kwa picha tu. Mnaamkaje huko Kanada? Baridi imeanza? Mume wangu Blaise anasema huko watu wanalala na soksi mbili mbili, nikamwambia aache uongo, lakini nijibu wewe mwenyewe. Na mgongo wako uliokuwa unakusumbua kwa kubeba makarton ya nyama, umepata nafuu? Usijifanye chuma. Mgonjwa hasifiwi kwa kunyamaza.

Sisi huku tuko. Blaise ni mzima, anakohoa tu wakati wa vumbi. Binti yetu Emmanuella amefaulu mtihani wa Leta wa kumaliza sekondari, na sasa anatembea kijijini kana kwamba barabara ni ya kwake. Mimi bado nafundisha mwaka wa tano, watoto sitini na nane katika chumba kimoja, na sauti yangu unaijua, haikuwa nzuri hata zamani. Karanga zimetoka vizuri. Muhogo unaugua, majani yanajikunja, lakini sombe, mboga ya majani yake, hatujakosa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi na simu ziko. Rezo ya Lusangi unaikumbuka: lazima upande juu ya kichuguu nyuma ya shule, upige kelele, na kila anayepita na kuni kichwani asikie. Neno nililo nalo si la kusemea juu ya kichuguu. Nimempa barua hii Asma, yule mwenye duka la vitambaa kule Kasongo, maana mwanawe anakwenda Goma na huko itapata njia. Asma ni Mwislamu, hana upande katika mambo yetu ya kanisa, ndiyo maana nimemwamini.

Habari ya kifo cha Baba yangu, mjomba wako, ulishaipata. Blaise alikutumia ujumbe siku ileile, nawe ukajibu "Poleni sana." Maneno mawili. Nilimwambia Blaise kwamba sikukasirika. Nilisema uongo, nilikasirika siku tatu, nikapika chakula kikaungua.

Lakini sababu naijua. Ni tangu Noeli ile ya mwaka juzi, padri mmoja wa huko kwenu alipokueleza kwamba kuungama kwa katekista kama Baba ni bure, katekista hana uwezo wa kuondoa dhambi ya mtu. Ulipiga simu ukamtaka Baba. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Ulimwuliza neno moja tu, kama mama yako alikufa amesamehewa au hakusamehewa. Baba alinirudishia simu bila kujibu. Tangu siku hiyo umekuwa ukitusalimu wote kwa majina, hata mbuzi wa Blaise, ila Mjomba wako hapana. Alikuwa ananiuliza, "Élysée amesema nini?" Nami nikimdanganya kwamba umemsalimu. Nadhani alijua.

Sasa nisikilize. Kanisa letu wewe ulilikuta tayari limesimama, ukakulia ndani yake, kisha ukaondoka ukalichukia. Hukuwahi kuelezwa lilivyoanza, maana sisi wakubwa tulikubaliana kunyamaza. Na lilianza na mama yako.

Mwaka wa tisini na nane, vita ilipokaribia, mapadri na masista waliondoka siku ya Jumanne. Simlaumu mtu, aliyeweza kukimbia alikimbia. Padri mkubwa alimwita Baba sakristiani, akamkabidhi ufunguo wa tabernakulo na kanzu nyeupe, akamwambia tunze hivi, wiki moja tutarudi. Walikaa miaka mitatu. Na sisi tukaingia porini ng'ambo ya mto Luama, kaya karibu sitini, katekista wetu akiwa mbele na ufunguo wa nyumba ambayo tulikuwa tumeshaiacha umefungwa shingoni kwa kamba.

Mwanzoni alifanya yale tu ambayo katekista anaruhusiwa. Alisalisha, alizika, alibatiza walio mahututi. Mgonjwa wa kwanza aliyetaka kuungama alikuwa mzee mmoja wa upande wa Kabambare. Baba alimweleza kwamba hawezi. Yule mzee hakusikiliza, alimshika mkono akamwaga dhambi zake zote mpaka mwisho. Baba akasema tu, Mungu amesikia. Hakuinua mkono kama padri.

Wa pili alikuwa mama yako Rosine. Wewe ulikuwa na miezi kumi. Baba yako alikuwa amekwenda Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu kabla ya vita, na mpaka leo hajulikani alipolala. Mama yako alishikwa na homa na kuhara, siku tano tu. Siku ya tano mchana aliomba aungame, na aliyekuwapo ni kaka yake. Sisi wengine tulisogezwa kando. Kutoka pale nilipokuwa nimekupakata, nilimwona Baba akiinua mkono wa kuume. Nikaona midomo yake inasema maneno ambayo si yake. Mama yako alifunga macho, na saa tisa alikuwa ameondoka.

Fikiri nini kilifuata. Watu waliona. Kesho yake mwanamke mmoja alikuja akamwuliza Baba kama mama yake yeye hakuwa na roho, kwamba katekista amsamehe dada yake na kumwacha mama wa wengine aende na mzigo. Angemjibu nini? Akaenda. Keshokutwa yake akaitwa pengine. Mpaka tunatoka porini walikuwa wamefika arobaini na mmoja. Ndivyo lilivyoanza, mdogo wangu. Si kwa kiburi, kama wanavyosema mapadri wa Kabambare. Kaka alishindwa kumnyima dada yake, kisha akashindwa kuwanyima wengine alichompa dada yake.

Vita ilipopoa alikuja padri mpya. Hakuwa mtu mbaya, alituletea hata dawa. Lakini Jumapili ya tatu alisoma karatasi: ubatizo tuliofanya porini unasimama, ndoa zitatazamwa moja moja, na yale maungamo hayakuwa kitu. Mama mmoja akasimama akauliza, basi wafu wetu wako wapi? Padri akajibu tuwakabidhi kwa huruma ya Mungu. Leo nikifikiri naona lilikuwa jibu jema. Siku ile hakuna aliyesikia huruma. Tulisikia tu kwamba ni bure.

Baba alitii. Alirudisha ufunguo, akapewa adhabu ya kusimama nyuma ya kanisa mwaka mzima bila kupokea komunyo. Alisimama Jumapili nne. Ya tano, wenye wafu waliingia, wakamshika mkono, wakatoka naye, na kila mmoja akabeba benchi alilolichonga kwa mikono yake. Nakumbuka kanisa lilivyobaki, upande mmoja mabenchi, upande mwingine sakafu tupu.

Wakajiita Waliobaki. Na maadam padri hawakuwa naye, walimfanya Baba awe padri. Wenye wafu walimwekea mikono kichwani mmoja mmoja. Mama mkwe wangu alikuja mbio kutoka kwenye kinu na mikono yake ilikuwa na unga wa muhogo, Baba akapadirishwa na nywele nyeupe. Barua ya kututenga na Kanisa ilifika baada ya miezi saba, yenye mhuri. Sisi hatukubadilisha kitu. Bikira Maria tulikuwa naye, rozari tulikuwa nayo, hata Papa tulimwombea kila misa. Baba alikuwa anasema hatujamkataa Papa, ni yeye tu hana habari yetu.

Yote hayo unaweza kuyacheka, na mimi nimeyacheka. Lakini kuna jambo la pili, na hilo sikulicheka.

Unakumbuka kabla ya misa Baba alikuwa anaita majina ya wale arobaini na mmoja kama mimi ninavyoita shuleni, na ndugu wa kila mmoja anajibu, "Iko," yaani yupo. Unakumbuka benchi la kwanza upande wa kushoto, la wafu wale, ambalo hakuna mtu anayelikalia. Wewe ndiwe uliyejibu kwa mama yako ulipokuwa mdogo. Ulipoondoka nikajibu mimi. Jumapili moja baada ya simu yako ile, nilikuwa na hasira na kila mtu. Baba akaita, "Rosine." Nikafunga mdomo makusudi. Na sauti ya mwanamke ikajibu, "Iko." Ilitoka mbele kushoto. Si mimi peke yangu niliyesikia. Mke wa Baraka wa kanisani kwetu alitoa mtoto wake nje. Baba hakuinua macho kwenye karatasi, akaita jina linalofuata.

Kuanzia hapo Baba hakuwa peke yake. Mchana kweupe, akipalilia karanga, angesimama, ageuke, aseme, "Sijui. Nimekwambia sijui." Nilipomwuliza anaongea na nani, aliniambia wale wafu wanauliza kama ilishika, yaani msamaha wao. Kila mmoja anakuja na swali lake lilelile, katekista, ilishika? Nilimpeleka hospitali, wakasema ni uzee na shinikizo la damu. Nilikubali, maana mimi ni mwalimu. Lakini nilianza kupita nyuma ya nyumba yake kwa kuzunguka, ili nisikie anajibu nini, na mara mbili nilisikia ameanza kujibu swali ambalo mimi sikulisikia, kisha hewa ile ya mchana ikawa nzito, na kuku wote wamesimama. Niliogopa, Élysée. Mtu wa miaka arobaini na miwili nilikimbia na ndoo ya maji.

Mwezi wa tisa miguu yake ilivimba, akawa hawezi kulala chali. Siku ya Jumapili, tarehe ishirini na tisa, alituita mimi na Baraka. Huyu Baraka ndiye msaidizi wake kanisani, mama yake ni wa kumi na saba katika wale arobaini na mmoja, na ndoa yake ilifungwa na Baba. Baba akasema, "Mniletee padri. Padri wa Roma."

Baraka hakupiga kelele. Alisema polepole kwamba mzee akiungama kwa Roma, amesema mwenyewe kwamba yale yetu yalikuwa bure. Mama yake atakuwa amekufa bila msamaha, na watoto wake yeye watakuwa wa nje ya ndoa. Akasema atasimama mlangoni. Baba akamwangalia tu, akarudia neno lake.

Nami sikujua nifanye nini. Nilifikiri kama Baraka, kwamba ameogopa kufa na sasa anajiokoa peke yake. Nilikasirika naye. Nilikufikiria na wewe pia, kwamba utasema, umeona, hata yeye mwenyewe amekiri. Lakini ni baba yangu. Jumatatu asubuhi nilimwita Ramazani mwenye pikipiki, tukaenda Kabambare. Mvua ilikuwa imevunja barabara, mara tatu nilishuka nikavuka matope kwa miguu na viatu mkononi.

Padri wa huko ni Abbé Gérard, kijana, ana kama miaka thelathini na mitatu. Aliniuliza kama mzee atakana kanisa lake. Nikamwambia atatubu. Sikusema atatubu nini, kwa sababu sikujua. Jumanne asubuhi alifika amekaa nyuma ya Ramazani, na mafuta matakatifu ndani ya mfuko wa suruali.

Baraka alikuwa mlangoni kama alivyoahidi. Walitazamana. Abbé Gérard akavua kofia, akamwamkia kwa heshima, akamwomba ruhusa ya kuingia. Nadhani hicho ndicho kilichomshinda Baraka. Mtu aliyejiandaa kusukumwa akaombwa ruhusa. Alisogea, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaondoa watu uani mpaka barabarani, kwa maana masikio ya Baba yalikuwa yameshakufa na alikuwa anaongea kwa sauti ya kuitia ng'ambo ya mto.

Mimi nilikuwa nyuma, kwenye mtungi, chini ya dirisha. Nilipaswa kuondoka. Sikuondoka. Hiyo ni yangu, nitaibeba mwenyewe.

Alianza vizuri, nibariki padri kwa kuwa nimekosa. Kisha akasema, "Nimeiba mbuzi wa mkwe wangu, nikamsingizia jirani." Nikashangaa, Baba na wizi wa mbuzi? Akasema, "Nimempiga mke wangu akiwa na mimba, mtoto akatoka." Mama yangu hakuwahi kupigwa hata kofi. Akasema, "Nimetoa mimba kwa dawa ya mizizi, mume wangu hakujua." Mume wangu, alisema. Baba, mzee wa miaka sabini na minane.

Abbé Gérard alielewa wakati uleule. Nilimsikia anamkatiza, anamwuliza kama dhambi hizo ni zake. Baba akajibu, "Nimezibeba miaka makumi mbili na tano. Kama haziko zangu, ziko za nani?"

Padri akamweleza kwamba haiwezekani, hakuna mtu anayeweza kuungamia mwingine, wala mfu. Alieleza kwa upole, kwa sauti ya juu ili asikike, sheria nzima. Baba alingoja amalize. Kisha akamwambia, "Walinipa mimi, na mimi sikuwa na mahali pa kuziweka. Wewe uko na mahali."

Nilidhani padri ataondoka, Élysée. Kisha nikasikia neno moja: "Endelea."

Akaendelea. Hakutaja jina hata moja, wala hakufuata orodha. Alisema zote kama zake, mimi nimefanya, mimi nimesema, na kila anapomaliza ya mtu mmoja anapumua, halafu anaanza ya mwingine kwa namna nyingine, kana kwamba kinywa chake kilikuwa kinaazimwa. Wa ngapi sijui, wa kumi au kumi na mbili, sauti yake ikalainika, akasema, "Nimeficha chumvi ya watu, vijiko vitatu, ndani ya kitambaa cha kiunoni, niweke katika uji, maziwa yasinikauke, mtoto asife. Na mwingine akachapwa kwa ajili yangu, nikanyamaza."

Nilikaa chini pale kwenye matope ya mtungi.

Sasa nikueleze, maana ulikuwa huna akili bado. Porini chumvi ndiyo ilikuwa dhahabu. Tulikuwa na kopo moja kwa kaya zote, Baba ndiye aliyegawa kwa kijiko. Siku moja kopo likapungua. Mimi ndiye niliyekuwa nalinda, nilikuwa na miaka kumi na saba. Watu wakataka haki, na Baba, ili wasiseme anampendelea binti yake, alinichapa viboko kumi mbele ya wote kwa mkono wake. Waliniita Mado Chumvi mpaka nilipoolewa. Siku nne baadaye mama yako aliungama kwa Baba na akafa. Kwa hiyo Baba alijua, siku nne tu baada ya kunichapa. Na hakuniambia. Nilimpikia, nilimfulia, nilimnunia miaka ishirini na tano kwa ajili ya viboko vile, naye akavumilia ninavyomnunia. Neno moja tu lingenirudisha kwake, na hakulisema, kwa sababu alikuwa amelipokea kwenye maungamo.

Nilicheka, Élysée. Nililia pia, lakini nilianza kwa kucheka. Mtoto ni wewe. Chumvi ile uliinyonya wewe. Dhambi iliyomtisha mama yako mpaka mlangoni pa kifo, iliyomfanya kaka yake ainue mkono usio wake, iliyotutoa kanisani na mabenchi kichwani, ilikuwa vijiko vitatu vya chumvi. Kwa upande wangu viboko vile nimemsamehe mama yako, palepale kwenye matope, kabla padri hajasema lolote. Kama ni kosa kukuandikia siri hii, liwe juu yangu, lakini usiendelee kukaa huko ukifikiri mama yako alikufa na neno la kutisha.

Na lingine nalifikiri kila siku. Mtu anayejua kwamba maungamo yale ni mchezo, angeyatunza namna hiyo? Mbele ya mtoto wake mwenyewe?

Alimaliza karibu na saa saba. Abbé Gérard akamwuliza, "Na zako mwenyewe, mzee? Kuvaa upadri usiopewa, unatubu?" Baba akasema hiyo atamwambia yule ambaye yeye amemkosea. Nikamsikia padri anaanza, nami nakuondolea dhambi zako, akafika mpaka mwisho. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwuliza kama imeshika. Akaniambia hajui amefanya nini, na kwamba hatamwuliza mtu yeyote. Alikunywa maji vikombe viwili, akapanda pikipiki.

Baraka alinishika mkono, akataka kujua kama mzee amewakana. Nikamwambia hakuwakana, hakupata nafasi ya kuwafikiria walio hai. Akakaa kwenye kizingiti akalia kama mwanamke aliyefiwa, na mimi nikamwacha alie.

Nilipoingia, Baba alikuwa ameegemea ukuta, anatazama pembe tupu ya nyumba. Akasema, "Wamekaa." Hakujibu tena mtu yeyote mchana. Ila mimi sijui kama nina amani. Nikipita njiani nakutana na watoto wa wale watu, wananiamkia, Mwalimu jambo, nami najua mbuzi alikuwa wa nani na mizizi ilikuwa ya nani. Yule anayeniuzia sombe namjua mama yake kuliko anavyomjua yeye. Jumatano iliyopita darasani, wakati wa kuita majina, nilisikia mtu nyuma yangu anapumua kama anayetaka kuuliza kitu. Niligeuka, ukutani palikuwa na ubao tu. Sijamwambia Blaise.

Sasa nifikie neno lililonikalisha kuandika. Alhamisi asubuhi, tarehe tatu ya mwezi wa kumi, Baba aliniita nilete kalamu. Alisema polepole, nami niliandika nyuma ya daftari la shule. Nakunakilia kama alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Mwambie Élysée nilijua. Nilipoinua mkono nilijua haiko yangu kutoa. Rosine aliniuliza, Kaka, imetoka? Nikamwambia, imetoka yote. Akalala. Kama nilimdanganya mama yake, nilimdanganya macho yangu yakimwangalia. Na kama kuko neno lingine ningemwambia saa ile, anipe. Nimelitafuta, sikulipata."

Saa sita mchana alikufa. Keshokutwa tunatimiza siku arobaini.

Blaise anakusalimu. Emmanuella anakusalimu sana na anataka picha nyingine ya mtoto. Baraka naye ameomba nimtaje, na Asma wa Kasongo, na Ramazani anauliza kama huko pikipiki zinapita kwenye barafu. Msalimie Chadia, mwambie asikuache ule chakula cha makopo. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape usingizi mzuri na kazi isiyovunja mgongo, na mtoto wenu akue asijue pori.

Mimi usinijibu. Mjibu Baba. Kama unalo neno lile, liandike, nitaenda kumsomea kaburini asubuhi watu wakiwa mashambani. Na kama huna, andika kwamba huna.

Ni mimi yaya, dada yako mkubwa niliyekupakata siku ile, nikupendaye,

Mado